Baba mkwe aliacha neno "msiuze ng'ombe wangu hata mmoja". Kiangazi kinawamalizia zizini. Kumtii ni kufanyaje hapa?

Mkwe wa Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la ukweni linaninyima usingizi. Naomba msome hadi mwisho ndipo mnishukie.

Baba mkwe wangu, Mgogo wa wilaya ya Bahi, alifariki mwaka juzi. Kaacha mjane, watoto watano na ng'ombe thelathini na kitu. Siku zake za mwisho alimwita mtoto wake mkubwa, akamwambia mbele ya mama: "Ng'ombe wangu msiuze hata mmoja." Basi. Hakueleza zaidi na hakuna aliyemuuliza, maana mzee akiwa katika hali ile unaitikia tu.

Shemeji yangu mkubwa kalishika neno hilo kama lilivyo. Mwanzoni halikumsumbua mtu, mvua zilikuwepo na maziwa yalikuwepo. Msimu huu mvua zimekata mapema, uwele haukubeba, lambo limebaki tope. Nilikwenda kuwasalimia. Asubuhi nikakuta vijana watano wanamwinua ng'ombe mmoja. Wawili wameshika mkia, wawili wamepitisha gogo chini ya tumbo, mmoja anahesabu. Akasimama, miguu inacheza, wakamsogezea mabua. Kumbe kazi hiyo ni ya kila siku. Akianguka tena na tena wanaacha kumwinua, wanatafuta kisu wawahi kabla hajafa mwenyewe.

Wameshakufa saba. Mnadani dume lililokuwa linauzwa laki nane sasa wanakutajia laki mbili na nusu, tena wanakutajia huku wanaangalia pembeni.

Halafu mama mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jikoni anakwenda kwa kupapasa ukuta. Ng'ombe mmoja, hata kwa bei hiyo ya kutupa, angemtibu na chenji ingebaki. Nikamwambia shemeji kwa adabu zote za ukweni. Akanijibu: "Baba alisema hata mmoja. Hakusema isipokuwa mama akiumwa." Nikajitolea kulipa mimi, mama akagoma. Anasema atibiwe na mkwe wakati mumewe kamwachia zizi, majirani watasemaje.

Shemeji si mchoyo. Hanywi, haibi, hata hao ng'ombe hajala faida yao. Anaamini kabisa kwamba anamheshimu baba yake, na ndiyo maana sijui nianzie wapi. Mtu akitamka anachokitaka, halafu hali ikageuka kabisa, anayeshika maneno yake neno kwa neno ndiye aliyemtii?

Nawasilisha.

Siti ya Mbele

Nimekaa, karanga ninazo. Endeleeni.

Kaka wa Chang'ombe

Mkwe na ng'ombe wa ukweni wapi na wapi? Kwanza mahari ulimaliza?

Mkwe wa Nkuhungu

Nilimaliza mkuu. Na wawili kati ya hao saba waliokufa niliwatoa mimi.

Kaka wa Chang'ombe

Hahaha basi una haki ya kuumia. Pole sana.

Shahidi wa Kisasa

Mimi nipo upande wa shemeji yako, na nitasema sababu kabla hamjaanza kumwita mshamba.

Kwetu Hombolo, mzee mmoja wa ukoo aliacha neno kwamba shamba lake la zabibu lisiguswe, mapato yake yamsomeshe mjukuu yatima. Alikuwa hajamaliza arobaini wakaanza. Huyu anasema mzee alimaanisha familia nzima inufaike. Yule anasema mzee alitaka mtoto asaidiwe, na shamba likiuzwa leo atasaidiwa zaidi. Wote wanaongea vizuri, wote wanalia. Leo shamba ni viwanja, na mtoto anauza maji ya chupa stendi. Kila aliyekuja na "marehemu alimaanisha" alikuwa ameshapima kiwanja chake.

Marehemu hawezi kusimama kwenye kikao aseme sivyo. Alichobaki nacho ni yale maneno. Ukiruhusu kila mtu ayafasirie, umempa wosia mwenye mdomo mrefu kuliko wote. Shemeji yako huenda hajui kueleza hivyo, lakini anajua kwamba siku akikubali kuuza mmoja kwa ajili ya macho ya mama, kesho yake kuna atakayekuja na ada, keshokutwa mwingine na bati.

Na wewe mwanzisha uzi, samahani, kama mkwe unatafsiri ukiwa upande gani?

Mkwe wa Nkuhungu

Swali la haki. Sitapata kitu wakiuza, sitapata kitu wasipouza. Ila mke wangu analia kila akitoka kuongea na mama yake kwenye simu, kwa hiyo siwezi kusema sina upande.

Wakili wa Mitaa ya Nyuma

Tuweke sheria mezani kidogo. Kwa taratibu za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo bado zinatumika mahakamani, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Mama na mtoto mkubwa hawatoshi. Kimahakama hilo neno halisimami kama wosia.

La pili, nani msimamizi wa mirathi? Kazi ya msimamizi ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa warithi. Si kuitazama ikifa. Mali ikipotelea mkononi mwake kwa uzembe anaweza kutakiwa kuilipa. Na miaka miwili bila kugawa, hilo peke yake ni tatizo.

Mkwe wa Nkuhungu

Msimamizi ni huyo huyo shemeji. Ila mkuu, pale hakuna anayewaza mahakama. Wanawaza laana.

Dalali Mnadani

Mie falsafa sina, nina fimbo na koti. Mfugaji anayejua kazi hauzi kundi, anapunguza. Maksai na madume kwanza, majike yaliyokoma kuzaa yafuate, mitamba inabaki. Hela ya waliotoka inanunua mashudu ya alizeti na pumba za waliobaki. Ukisubiri mpaka ng'ombe ananyanyuliwa kwa gogo, hapo hakuna mnada, kuna bucha ya usiku.

Na huyo mzee kama alikuwa mfugaji kweli, alikuwa na ng'ombe kwenye mazizi ya watu. Wazee wa huku hawakuweka kundi zima sehemu moja. Wanampa ndugu wachache, rafiki wa kijiji cha mbali wachache, wao wanakunywa maziwa na kuchunga, ili kiangazi au maradhi yakija yasikombe kila kitu. Ulizeni kama wapo. Huenda mna ng'ombe wanene sehemu na hamjui.

Mjanja wa Majengo

Mnateseka bure. Mzee alikataza KUUZA. Badilisheni na mahindi. Au mpeni mtu ng'ombe "amtunze" miaka mia, naye awape zawadi ya laki tatu. Neno la mzee halijaguswa, mama anaona, kila mtu anacheka.

Mzee wa Makole

Kijana, ujanja huo tuliuona siku nyingi. Azimio la Arusha la 1967 liliweka miiko ya viongozi. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Waandishi wake hawakuwa watoto. Walijua nyumba itahamia kwa mke, wakasema kabisa kwamba kiongozi hapa ni pamoja na mke au mume wake. Watu wakasoma kwa makini sana. Wakaona mke katajwa, mtoto hakutajwa, mdogo wake kijijini hakutajwa. Basi nyumba zikapata majina ya watoto ambao walikuwa hawajaanza shule. Neno halikuvunjwa. Na mwaka 1991 kule Zanzibar chama kikailegeza miiko yenyewe, ikawa haina haja tena ya kuhangaika na majina.

Wapo pia waliouza nyumba zao kweli wakabaki na mshahara mmoja. Hao nao walifuata maneno yale yale.

Ninachotaka kusema, huyu mjanja na yule shemeji wa Bahi hawako mbali kama mnavyodhani. Mmoja anatafuta tundu kwenye maneno, mwingine anaziba kila tundu, na wote wawili hawajamuuliza mzee alikuwa analinda nini.

Mjanja wa Majengo

Shikamoo mzee. Nimeondoa mahindi yangu.

Mwalimu wa Jumapili

Nampa nguvu Shahidi wa Kisasa kwa Maandiko. Someni Yeremia 35. Kuna ukoo wa Warekabi. Babu yao Yonadabu aliwaagiza wasinywe divai, wasijenge nyumba, wasipande mbegu, wasiwe na mizabibu, wakae hemani siku zote. Miaka mingi inapita, Yeremia anaagizwa awaingize kwenye chumba cha hekalu na kuwawekea mabakuli ya divai mbele yao. Nabii, ndani ya hekalu! Nani angekataa? Wakakataa. Wakasema babu yetu alituagiza. Na Mungu akawasifu, akawafanya mfano kwa Yuda nzima. Hawakusema babu alikusudia tusilewe, kwa hiyo kikombe kimoja hakina neno.

Mama Zabibu

Mwalimu, usiruke mstari wa 11. Mimi ni mkulima wa zabibu, sura hiyo naijua kuliko unavyodhani, imenisuta vya kutosha.

Yeremia aliwakuta wapi? Ndani ya Yerusalemu. Mjini. Watu walioagizwa hemani siku zote za maisha yao walikuwa ndani ya kuta, na wanaeleza wenyewe sababu: Nebukadreza alipopanda kuivamia nchi, walisema twendeni Yerusalemu kwa hofu ya jeshi la Wakaldayo na jeshi la Washami. Hapo hapo, kwenye maelezo yale yale ya utii wao, wanataja jambo ambalo haliendi sawa na agizo la mahema kama lilivyosemwa. Na sifa wakazipata.

Sioni kwamba walimsaliti babu. Yonadabu alitaka ukoo wake uishi, alisema hivyo, mpate kuishi siku nyingi katika nchi mnayokaa kama wageni. Jeshi lilipokuja, kubaki hemani kulikuwa ni kuufuta ukoo. Lakini divai hawakuigusa, kwa sababu hakuna Mkaldayo aliyewalazimisha kunywa. Wangeweza kusema tumeshavunja moja, tuvunje na nyingine. Hawakusema. Kwangu mimi hapo ndipo penye utii: walisogea pale vita ilipowasukuma, na hawakuongeza hata hatua moja ya kwao.

Mwalimu wa Jumapili

Mstari wa 11 nimeusoma mara nyingi, sikuwahi kuuona hivyo. Ngoja nirudi.

Bin Kondoa

Kwa upande wetu ipo hadithi mashuhuri, iko kwa Bukhari. Baada ya vita vya Ahzab, Mtume (S.A.W) aliwaambia masahaba asiswali mtu Alasiri ila kwa Bani Quraydha, yaani mpaka wafike kwenye makazi ya kabila hilo. Wakiwa njiani wakati wa Alasiri ukawafikia. Wengine wakasema hatuswali mpaka tufike, kama tulivyoambiwa. Wengine wakasema hakukusudia hivyo, alitaka tufanye haraka, wakaswali njiani. Akaelezwa. Hakumlaumu hata mmoja katika makundi yale mawili.

Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kusema shemeji kapotea, wala wepesi wa kusema wanaofikiria makusudio ni wahuni. Ila angalieni tofauti: pale gharama ya kushika neno ilikuwa kwao wenyewe. Hapa anayeshika neno ni mmoja na anayepapasa ukuta ni mwingine.

Mrangi wa Milimani

Mimi niwaletee kesi inayowasumbua wote wenye "roho ya neno". Kwetu Kondoa ardhi ilikuwa imeoza kwa makorongo. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, wakajenga matuta, wakapanda miti, mifugo ikaendelea kula. Mwaka 1979 likatoka agizo: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika. Yote, na siyo ipunguzwe. Watu walilia. Maziwa yalikwisha nyumbani, samadi ikaisha shambani, wengine wakahama na ng'ombe wao kwenda kuchosha ardhi za watu wengine. Lakini nyasi zilirudi. Nenda leo uangalie milima ile.

Wangesema kila kaya ibaki na wawili wa maziwa, nyasi zisingerudi. Kila mtu angekuwa na wawili, na wa shangazi wawili, na wagonjwa watatu. Kuna makatazo yanafanya kazi kwa sababu hayana "isipokuwa".

Mama Zabibu

Nakubali. Na baadaye si waliruhusu ng'ombe wa maziwa wa kufugia bandani?

Mrangi wa Milimani

Waliruhusu, nyasi zilipokwisha simama, na wakafugwa kwa kukatiwa majani. Lakini zingatia ni nani aliruhusu: wale wale walioweka katazo, hadharani, kwa masharti. Haikuwa mfugaji mmoja kuamua usiku peke yake.

Kisiki

Nami nipite na la kwangu, fupi. Kwenye mambo ya miti huku Dodoma neno lilikuwa "pandeni miti". Basi ikapandwa na kuhesabiwa siku ya kupandwa. Ukipita miezi sita baadaye ni vijiti. Wakati huo huo chini ya jembe kuna visiki vizima vyenye mizizi yao, vinachipua kila mwaka na kukatwa kila mwaka kusafisha shamba, kwa sababu kulinda chipukizi si "kupanda". Siku hizi watu wameelewa, wanachagua machipukizi machache yenye nguvu, wanapogoa mengine, wanaweka alama mchungaji asipitishe mbuzi. Miti ikaanza kuonekana bila mche mmoja kununuliwa.

Mwanafunzi wa Chimwaga

Nadhani hapa Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani, ana nafasi. Mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akibisha mlangoni na kukuuliza rafiki yako yuko wapi, huruhusiwi kudanganya. Watu wengi huiona kama mfano wa kanuni iliyomlewesha mwenye kanuni. Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa kale, kabla yake alisema sheria huongea kwa ujumla, na likitokea jambo ambalo aliyeitunga hakuliona, irekebishwe kama ambavyo mwenyewe angesema angekuwepo. Hoja ya Shahidi ni kwamba "kama angekuwepo" ni mlango wa wezi. Hoja ya Mama Zabibu ni

Kaka wa Chang'ombe

Dogo umepandisha kabla hujamaliza, Kant kakuzimia bando.

Mwanafunzi wa Chimwaga

Umeme mkuu. Nilitaka kuuliza tu: kuna mtu kamuuliza mama? Ndiye pekee aliyekuwepo chumbani ukiondoa shemeji. Wanaume wote humu tunatafsiri neno la mzee, aliyelala naye miaka arobaini hajahojiwa.

Dalali Mnadani

Aisee.

Shahidi wa Kisasa

Hilo nalikubali kwa mikono miwili. Mama ni shahidi, na yeye ndiye anayeumia kwa neno lenyewe.

Mkwe wa Nkuhungu

Wakuu, mrejesho. Mwanafunzi, Mungu akubariki.

Mke wangu alipanda basi kwenda kwao. Akamuuliza mama yake polepole, wawili tu, wakichambua mboga. Mama akashangaa kuulizwa. Akasema siku mbili kabla ya neno lile, shemeji wa tatu alikwenda kwa mzee kitandani kumwomba auze ng'ombe kumi anunue pikipiki mbili za bodaboda. Mzee alikasirika sana. Usiku alimwambia mama kwamba akifa tu hawa vijana watageuza kundi kuwa vyuma, na vyuma havizai. Ndipo alipomwita mkubwa.

Mke wangu akamuuliza, mbona mama hukusema miaka yote hii? Akajibu hakuna aliyemwita kwenye kikao.

La zaidi: mwaka mmoja wa njaa, mzee mwenyewe aliuza madume akanunua mahindi na kuwabakiza majike. Mama anawataja hao madume kwa majina yao, rangi na pembe. Na Dalali, ulikuwa sahihi. Wapo wanne kwa rafiki wa mzee upande wa Manyoni, hai.

Shahidi wa Kisasa

Basi nabadilisha jibu, sibadilishi hoja. Sasa hamfasiri tena, mnamsikiliza aliyesikia. Lakini nawapa masharti, maana nawajua watu wangu:

Wauzwe kwa ajili ya macho ya mama na chakula cha ng'ombe wanaobaki, basi, pasiwe na la tatu. Aliyetaka pikipiki asishike hela hata ya kuhesabu. Na itajwe hadharani kwenye kikao wanauzwa wangapi na wepi, ili mwakani mtu asije akasema "si tulishauza". Warekabi wa Mama Zabibu: mmeingia mjini, divai msiguse.

Mama Zabibu

Na mama akae kwenye hicho kikao. Kwenye kiti, siyo jikoni.

Kaka wa Chang'ombe

Yule wa pikipiki anasemaje?

Mkwe wa Nkuhungu

Anasema mzee alimwonea.

Dalali Mnadani

Wakiwa tayari wawahi, bei wiki ijayo haitakuwa ya wiki hii. Waje na barua ya mtendaji wa kijiji yenye idadi, rangi na alama, na jina la muuzaji. Bila hiyo watazungushwa.

Mkwe wa Nkuhungu

Kikao kimekaa jana. Mama alikaa kwenye kiti, aliongea kama dakika mbili, akanyamaza. Shemeji mkubwa alitoka nje, tukadhani kaondoka. Akarudi, akasema yeye alisikia neno moja na atakufa na hilo neno, ila hawezi kumwambia mama yake hakusikia alichosikia.

Wanauzwa wanne, madume matatu na jike moja lililokoma. Hospitali ya Mvumi wamepokea simu, mama anakwenda kitengo cha macho baada ya mnada. Barua ya mtendaji ipo. Kwenye nafasi ya muuzaji limeandikwa jina la mama, kapiga dole gumba. Shemeji kasaini chini yake kama shahidi.

Wakili wa Mitaa ya Nyuma

Kwa hiyo yeye hajauza.

Mkwe wa Nkuhungu

Hajauza. Ila ndiye atakayewaswaga mpaka mnadani, kasema vijana watawachosha njiani.